Pole Iliyotaka Kutunyang'anya Fainali

Kwenye ile sherehe ya kuniaga, msimamizi wenu alisimama akasema hakuna mtu chuoni anayeujua mchezo wa besiboli kuliko mimi. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa nimejaza keki mdomoni, nikashindwa kumsahihisha. Sasa niko nyumbani hapa North York, Kanada, magoti yangu nimeyaweka karibu na hita, mke wangu ameshachoka kuniona jikoni asubuhi, nami nimepata nafasi ya kusema ukweli. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Haya basi. Mishahara na vyeo siviandiki. Vyeo vyenyewe sikuwahi kuvipata. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mliobaki idara ya viwanja karibu wote ni watu wa Bukavu, Bujumbura na Nairobi, na pia kwa sababu msimamizi wenu hatatuelewa.

Mimi ni mtu wa Shinyanga, nimekulia jirani na machimbo ya almasi. Siku ya usaili, kocha wa timu aliniuliza kama nimewahi kutunza daimondi. Nikakaa vizuri kwenye kiti. Nikamweleza kwamba baba yangu alikuwa mlinzi machimboni miaka mingi, na kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kutoka na hata punje moja mfukoni. Kocha akanitazama, akacheka sana, akanipa mkono. Alidhani ni utani, na watu wa huku wanampenda mtu mwenye utani kwenye usaili. Kesho yake ndipo nikaonyeshwa daimondi yenyewe: kiwanja cha udongo mwekundu chenye pembe nne, kimekaa kama leso iliyosimamishwa kwa pembe moja, na nyasi zimekizunguka. Nikauliza ulinzi uko wapi. Kocha akacheka tena, nami nikajiunga naye nikicheka nisichokijua.

Ndani ya kile kiwanja nilikitambua kitu kimoja tu, kichuguu. Katikati kabisa kuna kilima kidogo cha udongo mgumu ambapo mrushaji husimama. Wao wanakiita kwa jina lao. Mimi nilikiita kichuguu tangu siku ya kwanza na mpaka leo nyinyi nyote mnakiita hivyo, jambo ambalo ndilo mchango wangu mkubwa zaidi kwa elimu ya juu ya nchi hii.

Wengi wenu mnautazama mchezo huu kama mimi nilivyoutazama mwanzoni, yaani mnasubiri waanze kucheza halafu mnaambiwa umekwisha. Basi shikeni hili tu. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo kisha anakimbia kupitia vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Akifika nyumbani timu yake imepata pointi. Akiguswa na mpira kabla hajafika, ametoka. Hayo mengine yote ni kutema mbegu za alizeti. Nazo zina balaa lake: kwetu alizeti tunakamua mafuta, hawa wanaitemea ardhini mbele ya banda la wachezaji, na msimu mmoja ikaota. Nikaipalilia. Kocha aliponikuta nainyweshea maji alidhani nimepata wazimu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nurdin, mtunza stoo ya michezo. Alikuwa Mwismailia wa Mwanza, mwana wa mwenye duka la vitambaa, amekuja Kanada akiwa kijana na sweta moja. Asubuhi ya kwanza nilipoingia stoo kuomba reki, alilisoma jina langu kwenye kitambulisho, akanyanyua nyusi.

"Masanja?" akasema. "Mwangaluka!"

Nilikuwa sijasalimiwa Kisukuma tangu nishuke kwenye ndege. Nilisimama na reki yangu, machozi yakanilenga, nikasahau hata kuitikia. "Bwana wee," akasema, "usinililie hapa, magongo ya mbao hayawezi unyevu."

Mzee Nurdin ndiye aliyenifundisha kwamba udongo wa kichuguu haumwagiwi maji, unanyunyiziwa. Mimi niliumwagia. Mrushaji wetu siku hiyo alizama mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alinifundisha kuchora mstari wa chokaa kwa kamba; mimi nilichora kwa macho, na mstari ukaenda kama mtu anayetoka kilabuni. Alinifundisha kukunjua turubai kwa kufuata upepo, baada ya mimi kukunjua kwa kushindana nao na kuburutwa hadi kwenye uzio. Kila kitu ninachokijua nilikijua baada ya kukikosea kwanza mbele ya watu.

Lugha nayo ilinitesa. Nilijua Kiingereza cha kutosha kujua kwamba straiki maana yake ni pigo. Kwenye besiboli straiki ni pale mpigaji anapokosa kupiga. Nusu msimu nilikuwa nashangilia vijana wetu wakikosa, na wazazi wao walioketi jukwaani wakawa wananitazama vibaya. Halafu siku moja kocha akapiga kelele kwa furaha kwamba kijana wetu ameiba kituo cha pili. Vituo vile ni vifuko vizito vyeupe, na kuvifungia stoo kila jioni ilikuwa kazi yangu. Nilikimbia uwanjani kuhesabu. Refa akasimamisha mchezo. Nilipomkuta kijana amesimama juu ya kituo chenyewe, nikamwambia asante kwa kukirudisha.

Mzee Nurdin alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa huruma, akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake na kunisimulia historia ya timu, ambayo aliijua yote maana alikuwepo tangu mwanzo.

Timu iliundwa na wanafunzi wachache waliokuwa na glovu zao wenyewe na hawakuwa na uwanja. Walicheza kwenye bustani ya umma, wakipokezana na watu wanaotembeza mbwa, na mbwa mmoja alikuwa mdakaji bora kuliko wao. Ikavunjika. Ikaundwa tena. Ikavunjika kocha alipooa. Ikaundwa mara ya tatu, na safari hii chuo kikaipa ardhi ile tunayoitunza. Tatizo la mashindano ya vyuo vya huku ni majira. Besiboli ni mchezo wa kiangazi, lakini kiangazi wanafunzi wako makwao, kwa hiyo vyuo vinaanza kucheza shule zikifunguliwa na ubingwa unachezwa majani yanapodondoka. Timu yetu ilikwenda kwenye mashindano ya ubingwa mara nyingi na kurudi mapema mara zote. Ilitolewa na mvua, ilitolewa na basi lililoharibika njiani, na mara moja ilitolewa na theluji ikiwa inaongoza.

"Na wewe kila mwaka unawapangia magongo?" nikamwuliza.

"Kila mwaka. Nataka kulishika lile kombe mara moja tu, Masanja. Nilishike, nilipanguse vumbi, basi. Mke wangu anasema ni ujinga. Ni ujinga kweli."

Alisema kwa kucheka, lakini niliona macho yake hayacheki. Tangu siku ile na mimi nikalitaka lile kombe. Sikuwa najua hata linafananaje.

Mwaka ambao Mzee Nurdin alitangaza kuwa ndio wa mwisho kwake kazini, mambo mawili yalitokea. Timu ilikuwa nzuri, kwa mshangao wa wote. Na chuo chetu kikapewa kuandaa mashindano ya ubingwa kwa mara ya kwanza. Timu nne, wikendi moja, kwenye daimondi yangu. Nilikonda. Mke wangu alikuwa akiniamsha nikiwa naota turubai.

Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia nusu fainali, kama nilivyojua itanyesha. Alfajiri mimi na Mzee Nurdin tuliondoa turubai, tukasukuma maji kwa mifagio ya mpira, tukamwaga udongo mkavu wa kunyonya unyevu, tukaburuta zulia la chuma mpaka ardhi ikalainika. Refa alikuja akakanyaga kila mahali, akasema uwanja uko sawa. Nawaambieni, sijawahi kujiona mrembo maishani kama nilivyojiona asubuhi ile.

Tukafika mwisho wa mchezo tukiwa mbele kwa pointi moja. Wageni walikuwa na mkimbiaji kituo cha tatu, kijana mrefu mwenye nywele nyekundu. Mwenzake akapiga mpira, yule kijana akatoka mbio kuelekea nyumbani. Akifika angesawazisha. Hatua chache kabla hajafika, mguu ukamponyoka, akaanguka kifudifudi, na mdakaji wetu, yule anayelinda nyumbani, akamgusa na mpira pale pale alipolala. Refa akanyanyua ngumi. Ametoka. Mchezo umekwisha. Tumeingia fainali!

Vijana wetu walirukiana. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na uzio na reki yangu, na niliyemwona ni yule aliyelala chini, ameshika kifundo cha mguu. Miguu ikanipeleka. Niliruka uzio, nikapiga magoti pembeni yake, nikamshika bega, nikasema ambacho mama yangu alinifundisha kusema mtu akianguka. Ila nilikisema kwa Kiingereza.

"Sori, sori sana, ndugu yangu! Sori jamani!"

Nilipoinua macho, kocha wa wageni alikuwa juu yangu.

"Umesema nini?"

"Nimesema sori. Ameanguka."

"Wewe si ndiye mtunza uwanja?"

"Ndiye mimi," nikajibu kwa fahari, kama mpumbavu.

Kanuni za mashindano zilisema kwamba kama uwanja umechangia mchezaji kutoka kwa njia isiyo ya haki, timu yake inaweza kukata rufaa na mchezo ukaendelea kutoka pale. Yule kocha akakata rufaa hapo hapo. Ushahidi wake ulikuwa mmoja: mtunza uwanja mwenyewe ameruka uzio akaomba msamaha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nilikuwa nimeishindilia vizuri mno asubuhi. Katika nchi ambayo watu wote wanasema sori kutwa nzima, kwenye lifti, kwenye foleni, kwa mbwa, sori ya kwanza kuaminiwa ilikuwa yangu.

Jioni tukaitwa kwenye chumba kidogo nyuma ya kantini. Kamati ilikuwa na watu watatu, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Kocha wetu alikuwa amenuna. Vijana walikuwa nje kwenye korido, hawajavua jezi, hawajui kama kesho wanacheza au wanakwenda nyumbani. Mzee Nurdin alikuja na mimi bila kuitwa, amevaa koti la suti ambalo nilikuwa namwona nalo akienda kusali jamatini tu. Hakuniambia neno la lawama. Hilo ndilo lililoniuma, maana nilijua yuko hatua moja kutoka kwenye kombe lake, na aliyemwekea mguu ni mimi.

"Ulisema sori?" mwenyekiti akaniuliza.

"Nilisema."

"Kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa. Ameanguka."

"Lakini kama hakuna kosa lako, kwa nini uombe msamaha?"

"Sikuomba msamaha. Nilisema sori."

Wakatazamana. Nikaona jinsi ninavyozama, na kadiri nilivyotapatapa ndivyo nilivyozidi kuzama. Mzee Nurdin akanyanyua mkono, akaomba kusema.

"Kwetu tuna neno, pole," akasema. "Mtu akijikwaa unampa pole. Akiumwa, pole. Akifiwa, pole. Akirudi kazini amechoka, pole. Halina maana ya nimekukosea. Maana yake ni nimekuona. Kiingereza hakina neno hilo, kwa hiyo tukifika huku tunachukua lililo karibu, na lililo karibu ni sori."

"Ni maelezo mazuri," akasema kocha wa wageni, "lakini mtu anaweza kutunga lolote."

"Ni kweli," mwenyekiti akakiri. "Sina njia ya kulithibitisha." Akafunga karatasi zake, akainuka ili wakajadiliane pembeni, na goti lake likagonga mguu wa meza ile ya chuma. Mlio ulisikika mpaka korido.

"Sori!" akasema yeye, akiiambia meza.

"Sori!" tukasema mimi na Mzee Nurdin kwa pamoja, tumeshainuka kwenye viti, mikono imenyooshwa kuelekea goti lake.

Mama akasimama ameshika goti, akatutazama mmoja mmoja, mimi wa Shinyanga na Mhindi wangu wa Mwanza, tumeinama mbele yake kama watu waliofiwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitengeneza ile meza. Mabega yakaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka miwani ikaning'inia kwenye kamba yake. Hata kocha wa wageni akajifuta mdomo. Rufaa ikatupwa. Korido ikalipuka kwa kelele, na kocha wetu akanikumbatia, halafu akaniomba kesho nisimwambie mtu yeyote kitu chochote.

Nyumbani binti yangu, Rehema, alisikiliza kisa chote kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alinishauri mtu akianguka niwe nauliza tu kama yuko salama. Nikajaribu mbele ya kioo. Nikajikwaa kwenye zulia la bafuni, na nikajipa pole mwenyewe.

Fainali tulipoteza. Sitaizungusha. Mpira mwepesi kabisa ulibiringika kuelekea kwa mchezaji wetu wa kituo cha kwanza, ukapita katikati ya miguu yake, na wageni wengine, sio wale wa rufaa, wakafika nyumbani wawili. Uwanja mzima uligeuka kunitazama. Udongo pale ulikuwa safi, ningeweza kuula kwa kijiko. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili nisije nikasema kitu, na nilisimama hivyo mpaka kombe likakabidhiwa kwa watu wengine.

Nilimkuta Mzee Nurdin stoo akifuta magongo moja moja kwa kitambaa kikavu. Niliogopa kuingia.

"Pole, Mzee," nikamwambia.

"Nimeshapoa," akajibu, kama tunavyojibu wote. Hakuwa amepoa hata kidogo. Niliona kitambaa kikirudia gongo lile lile. Nikachukua kitambaa kingine, tukafuta hadi mwisho, kisha akanikabidhi funguo za stoo na kuhamia mji wa Pickering kwa mwanawe.

Baada yake nilipata wakubwa wengi, wengine wana digrii za nyasi. Sikuwadharau, nyasi zao zilikuwa nzuri kuliko zangu. Mashine mpya zilikuja, turubai likapata roli ya kulikunja kwa umeme, na mimi nikaanza kuwafundisha nyinyi kwa njia ile ile niliyofundishwa, yaani kuwaacha mkimwagie kichuguu maji halafu kucheka. Timu ilikwenda kwenye mashindano na kurudi mapema. Wachezaji walihitimu, wakaja wengine, wakatema mbegu mahali pale pale. Kila msimu ulipoisha nilimpigia Mzee Nurdin simu na kumpa matokeo, naye kila mara alisema, "Basi, mwakani." Mwishoni nilikuwa nachelewa kupiga, maana niliona haya.

Msimu huu uliopita, wa mwisho kwangu, mashindano yalifanyika mji mwingine, mbali. Mtunza uwanja haendi na timu. Uwanja wake unabaki, na yeye anabaki nao. Nilikuwa peke yangu nasomba majani makavu kwa toroli kocha aliponipigia. Nyuma yake kulikuwa na kelele sikuelewa neno. Ikabidi arudie. Tumelichukua kombe.

Nilikaa juu ya kichuguu. Miaka yote ile nimelala nikiota turubai, na timu imekwenda kushinda kwenye udongo wa mtu mwingine! Nilicheka peke yangu pale kama mwendawazimu, kisha nikampigia Mzee Nurdin. Sauti yake siku hizi ni ndogo, na mwanawe ndiye anayemshikia simu.

"Mzee, tumeshinda. Tumelichukua."

Nikamsikia akimwambia mwanawe aisogeze simu karibu na sikio. Nilikuwa nimejiandaa kwa hongera, kwa kicheko, hata kwa matusi kidogo ya Kisukuma.

"Masanja," akasema. "Pole na kazi."

Nililia, jamani. Nililia mtu mzima katikati ya uwanja, mchana kweupe, wanafunzi wanapita. Kisha nikamjibu inavyojibiwa.

"Asante, Mzee. Nimeshapoa."